AMRI YA TISA AO YA NANE? Tusishuhudie uongo juu ya dini ya mwenzetu



Naanza na ulizo moja. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo ni amri ya ngapi? Mwanafunzi wa CECA 20 atajibu upesi: ya tisa. Mwanafunzi Mkatoliki, na tuko nao hapa shuleni, atajibu: ya nane. Nani amekosa? Hakuna. Amri ni kumi pande zote mbili, na zinatoka katika sura moja, Kutoka 20. Tofauti iko katika kuhesabu. Sisi tunaweka katazo la sanamu peke yake kuwa amri ya pili. Wakatoliki wanamfuata Augustino wa Hippo, wanaliunganisha na amri ya kwanza, halafu mwishoni wanagawanya katazo la tamaa kuwa amri mbili. Waluteri, ambao ni Waprotestanti kama sisi, wanahesabu sawasawa na Wakatoliki.

Basi yule anayesimama katika internati na kusema, "Bakatoliki balitosha amri ya pili mu Biblia," hajafungua Biblia yao hata siku moja. Katekisimu yao fupi inafupisha maneno, ndiyo, lakini Biblia yao inayo yote. Na angalieni jambo hili la ajabu: anayesema vile anavunja palepale amri ya tisa, ao ya nane kama munapenda.

Mawazo yangu ni haya, nayasema wazi. Katika shule za Kikristo tunaivunja amri hii karibu kila juma, na tunaivunja kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kusema juu ya imani ya mwenzetu maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini. Namna ya pili ni kusema "madhehebu yote ni kitu kimoja tu, kila mtu na kweli yake," ili mabishano yaishe upesi tuende kula. Namna zote mbili zinaikimbia kweli.

1. Nani anakaa juu ya mabanki yetu

Shule yetu ni ya Waprotestanti. Lakini ni shule ya mapatano, sawasawa na zile zilizotoka katika mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 kati ya Serikali na makanisa, kisha miaka ile ambapo Serikali ilikuwa imezitwaa shule zote. Kwa hiyo mulango uko wazi kwa kila mtoto. Juu ya banki moja unaweza kukuta mtoto wa CECA 20, mtoto wa Anglikana kutoka Boga, mtoto wa Jumuiya Emmanueli ya Nyankunde, Mkatoliki, Mpentekoste, na pengine Mkimbangu.

Nambari hizi, 20, 39, 16, 8, wengine wanazishika kama kabila. Lakini zinatoka wapi? Misheni zilipofika, kila moja ilipewa ama ilijitafutia upande wake. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Boga mwaka wa 1896 na kuleta kanisa la Anglikana, akafa kule 1933. Misheni ya AIM, mama wa CECA 20, iliingia upande wa Mahagi 1912. C. T. Studd na Alfred Buxton waliingia Congo 1913, na kutoka kazi yao ikazaliwa CECCA 16. Mwaka wa 1970 makanisa ya Kiprotestanti yakawekwa pamoja kuwa Kanisa la Kristo katika inchi yetu, na kila moja likaitwa jumuiya, likapewa nambari. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1971 ikakaza jambo hili, kwa kuwa ilitambua Wakatoliki, Waprotestanti waliounganika, na Wakimbangu.

Basi nambari ni ya ofisi, haikuandikwa mbinguni. Kama misheni nyingine ingetangulia kufika katika kijiji cha babu yako, leo ungetetea nambari ingine kwa sauti ileile. Sisemi kwamba mafundisho hayana maana. Nasema tu kwamba kuzaliwa pahali fulani si ushuhuda wa kutosha kwamba wengine wote ni wapotevu.

2. Maneno ambayo tunapigania

Kuokoka. Hili njo neno linaloleta fujo zaidi. "Weye haujaokoka, ulinyunyiziwa tu mayi ukiwa mutoto." Wengi wetu tukisema kuokoka, tunafikiri ile siku mtu alipotubu na kumpokea Yesu. Mkatoliki akisikia "umeokoka?" anafikiri mwisho wa safari, na kujibu "ndiyo" kunaonekana kwake kama kiburi, kwa sababu safari haijaisha. Basi mmoja anauliza juu ya mlango, mwingine anajibu juu ya mwisho wa njia, na wote wawili wanakasirika. Tena tukumbuke: uamsho wa Balokole, uliolichukua neno hili katika Afrika ya Mashariki yote, ulitoka Gahini katika Rwanda na katika Uganda miaka ya 1930, ndani ya kanisa la Anglikana lenyewe, kanisa linalobatiza watoto wachanga. Anayesema mwana-Anglikana hawezi kujua maana ya kuokoka amesahau nani aliyemfundisha neno.

Ubatizo. CECA 20 na ndugu wa Nyankunde wanabatiza mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, na kwa kuzamisha katika maji mengi. Anglikana na Wakatoliki wanabatiza pia watoto wachanga, halafu mtoto akikomaa anathibitisha imani mbele ya askofu. Hapa tofauti ni ya kweli, haiko katika maneno tu. Ulizo lenyewe ni hili: ubatizo ni jibu la mtu kwa Mungu, ao ni neema ambayo Mungu anatangulia kuitoa mbele mtu hajajibu? Kila upande una Maandiko yake. Lakini Mkatoliki haamini kwamba maji yana dawa, na Mbatizaji wa mtoni haamini kwamba mtoni ndimo Mungu anakaa. Na Kanisa la Katoliki linautambua ubatizo wetu wa maji uliofanywa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtu wetu akihamia kwao, hawambatizi tena.

Meza ya Bwana. Wakatoliki wanafundisha kwamba katika Misa mkate na divai vinageuzwa kabisa kuwa mwili na damu ya Kristo. Luther alifundisha kwamba Kristo yuko kweli pamoja na mkate, lakini mkate unabaki mkate. Zwingli alifundisha kwamba ni ukumbusho, na wengi wetu hapa ni watoto wa Zwingli bila kujua jina lake. Mwaka wa 1529 wakubwa hawa wawili walikutana Marburg. Walikuwa na mambo kumi na tano. Wakakubaliana juu ya kumi na manne, na juu ya lile la kumi na tano, la Meza, wakakubali nusu na kuachana nusu. Waprotestanti wawili, na Papa hakuwapo pale! Wakimbangu nao, tangu 1971, wanatumia asali na keki ya mahindi, viazi na ndizi pahali pa divai na mkate. Mtu anaweza kucheka. Lakini kwanza ajiulize: zabibu zinalimwa wapi katika Ituri?

Kuhesabiwa haki. Kwa neno hili Ulaya iligawanyika tangu 1517. Mtu anakuwa mwenye haki mbele ya Mungu kwa imani peke yake, ao kwa imani pamoja na matendo? Wengi katika kalasi wanafikiri vita hii inaendelea vilevile. Lakini tarehe 31 mwezi wa kumi 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi barua moja: ni neema ya Mungu, kwa imani katika Kristo, si kwa mastahili yetu, na matendo mema yanafuata kama matunda. Wamethodisti walijiunga 2006, na jumuiya ya Wareformati ya dunia 2017. Haikumaliza tofauti zote, lakini mtu asifundishe leo kwamba "Bakatoliki banasema watu wanajinunulia mbingu kwa kazi" kama kwamba hakuna kitu kilichoandikwa.

Kuabudu na kuheshimu. Wakatoliki wanatenganisha ibada ya Mungu peke yake na heshima kwa Maria na watakatifu. Sisi tunaona kwamba kwa mtu wa kawaida mpaka huu unapotea kwa urahisi, na kwamba kuomba kunapaswa kwenda kwa Mungu tu. Hiyo ni hoja nzuri, tuiseme. Lakini kusema "banaabudu sanamu" kana kwamba ndiyo fundisho lao, huo ni uongo. Mama Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenyeheri Kinshasa 1985. Siku chache mbele ya kifo chake, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, daktari Mprotestanti Paul Carlson aliuawa Kisangani. Waasi Simba hawakuuliza kwanza nani alizamishwa na nani alinyunyiziwa. Sisi tunamkumbuka Carlson, wao wanamkumbuka Anuarite. Tofauti iko katika kile kinachofanywa kisha kukumbuka, na hiyo ndiyo tuizungumze.

3. Maneno si mali ya mtu

Kuna wanaofikiri kwamba maneno yetu ni safi na ya wengine ni machafu. Basi tuyachunguze. "Meza" katika Meza ya Bwana ni neno la Wareno, lililoletwa pwani na watu Wakatoliki, sawasawa na "padri". "Imani", "roho", "neema", "dhambi", "msalaba", hata "kanisa", yametoka katika Kiarabu, na mengine tunayatumia sawasawa na Waislamu. "Ubatizo" umetoka katika Kiyunani. "Mungu" na "mchungaji" ndiyo ya babu zetu wenyewe. Mprotestanti akisema "Mchungaji anatuita kwa imani kwenye Meza ya Bwana," amekwisha kusema kwa Kibantu, kwa Kiarabu na kwa Kireno katika pumzi moja. Kama mtu anataka kusema kwa maneno ya dhehebu lake tu, atanyamaza.

4. Kweli ni nini?

Pilato aliuliza ulizo hili na akatoka inje bila kungoja jibu. Sisi tungoje kidogo.

Wenye hekima wametoa majibu mengi, nachukua matatu. Aristoteli, na kisha yeye Thomas wa Aquino katika karne ya 13, walisema kwamba neno ni kweli likipatana na kitu chenyewe kilivyo. Wengine walisema kwamba neno ni kweli likipatana na maneno mengine tunayoyashika, bila kupingana. William James wa Marekani, katika kitabu chake cha 1907, alisema kwamba kweli inajulikana kwa matunda, kwa namna inavyotumika katika maisha.

Tukiangalia vizuri, madhehebu yanabishana hivihivi. Mmoja anasema: imeandikwa, basi ndivyo ilivyo. Wa pili anasema: fundisho hili linapatana na yale kanisa liliyofundisha tangu zamani. Wa tatu, na hapa nawaona wandugu wetu Wapentekoste, anasema: njoo uone, watu wanapona, wanajazwa Roho, wanaacha pombe. Kila mmoja ameshika kipimo kimoja na kumhukumu mwenzake kwa kipimo kile. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Fundisho linaweza kupatana lenyewe kwa lenyewe na likawa uongo. Na dawa ya mganga nayo inaweza kuleta matunda kwa siku tatu.

Waebrania wana neno lao, emeti. Maana yake ni kweli, lakini pia ni kitu kilicho imara, mtu anaweza kukiegemea kisianguke. Neno hili ni la shina moja na "amina", na shina hilo liko pia katika Kiarabu, pahali tulipopata "imani", "amini" na "mwaminifu". Kwa hiyo mtu wa kweli hatoshi kuwa na jibu sawa katika mtihani wa dini. Anapaswa kuwa mtu ambaye neno lake, hata neno juu ya adui, linaweza kuegemewa.

Sasa wale wa "kila mtu na kweli yake". Hapana, haiko vile. Bunia iko magharibi ya ziwa Albert. Mtu akisema iko mashariki, amekosa, hata akiwa mpole na mwenye maombi mengi. Kweli ni moja. Lakini mvuvi wa Kasenyi anajua ziwa kwa mikono, na mtu anayesimama juu, pahali barabara ya Bogoro inaanza kushuka, anaona upana wake. Hawapingani, wameona sehemu. Kazi yetu ni kutenganisha: hapa mwenzangu ameona sehemu ingine, na hapa tunapingana kabisa. Kwa mfano, viongozi wa Wakimbangu wanafundisha leo kwamba Simon Kimbangu, yule aliyefungwa 1921 na kufa katika gereza la Elisabethville 1951, ni Roho Mtakatifu. Sisi tunasema hapana. Hapo hakuna sehemu mbili za ziwa moja. Mmoja anasema mashariki, mwingine magharibi. Basi tuseme hapana kwa heshima, na tuseme pia bila woga kwamba Kimbangu alikaa miaka thelathini katika gereza kwa ajili ya mahubiri yake, jambo ambalo wengi wetu hatungeweza.

5. Kwetu uongo unaua

Mtu atasema: haya ni mabishano ya internati, kengele ikilia yanaisha. Katika inchi ingine, pengine. Lakini sisi ni watoto wa Ituri. Vita ya 1999 mpaka 2003 haikuanza kwa ubatizo ao kwa Misa. Ilianza kwa mashamba kule Djugu, ikaongezwa na mamlaka na silaha kutoka inje. Lakini ilienea kwa njia ya maneno mawili: "wale wote". Wale wote ni vile, wale wote wanataka hivi. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2002 wapiganaji waliingia Nyankunde, wakaua watu wengi, hata wagonjwa waliolala katika hospitali. Hospitali ile misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliijenga pamoja kisha uasi wa 1964, na kila moja ilikuwa imeacha kidogo jina lake ili kazi iwe moja.

Sisemi kwamba mabishano ya madhehebu yalileta vita. Nasema kwamba ulimi ni uleule. Anayezoea kusema "wale wote" juu ya dhehebu, bila kuuliza hata mmoja wao, amekwisha kujifunza njia. Kesho akiambiwa kusema vile juu ya kabila, hatapata shida.

6. Jibu kwa wanaokataa

Wazee wengine wanaogopa: tukifundisha vijana mambo ya madhehebu mengine, imani yao itatikisika. Naheshimu woga huu, kwa kuwa unatoka kwa upendo. Lakini kijana ambaye amefundishwa uongo juu ya Wakatoliki atakutana siku moja na Mkatoliki mwema na mwenye akili, pale Kisangani ao Kampala, na atagundua kwamba alidanganywa. Siku ile hatauliza tu juu ya Wakatoliki. Atauliza: na yale mengine mulinifundisha, nayo je? Imani inayolindwa kwa uongo inaanguka pamoja na uongo.

7. Mashauri yangu

(a) Mwanafunzi asiseme mbele ya watu "Wakatoliki wanaamini" ao "Wapentekoste wanaamini" mpaka amemuuliza mmoja wao, na yule amejibu, "Ndiyo, ndivyo tunavyoamini." Kisha hapo apinge kama anavyotaka.

(b) Katika somo la dini la kalasi ya tano na ya sita, walimu wetu watuombee ruhusa kwa prefe, ili mara moja kwa trimestri padri, mchungaji wa jumuiya ingine ao mwanafunzi wa theolojia wa Chuo Kikuu Shalom aje kueleza imani ya kanisa lake kwa kinywa chake. Shalom yenyewe ni kazi ya jumuiya kadhaa pamoja, tena iko hapa Bunia, hatuhitaji pesa ya safari.

(c) Asiwepo mwanafunzi wa kumshurutisha mwenzake abatizwe tena, wala kumwambia kwamba bibi yake aliyekufa yuko motoni kwa sababu ya dhehebu lake. Hukumu ile ina mwenyewe.

(d) Na wale wanaopenda amani ya haraka wasituambie kwamba yote ni sawa. Tuacheni tupingane vizuri.

Anayeona nimekosa aandike katika gazeti letu la mwezi ujao, na anitaje mimi, asitaje kanisa langu. Wahariri watamwekea nafasi sawa na hii.

Ni mimi mwanafunzi mwenzenu wa kalasi ya sita.